Siti za ndege unayojitengenezea gereji: kuchagua kitambaa kisichoshika moto hovyo

Mke wangu ndo alileta hii mada. Siku moja kaja gereji na chai, kaangalia zile siti mbili za alumini tupu zimekaa sakafuni, akasema hizi tuzishonee kitenge, kile cha bluu na njano alichotumiwa na mama yake kutoka Mwanza, ndege ikitua Oshkosh, kwenye yale maonyesho makubwa ya ndege, watu wajue wenyewe ni nani. Kiukweli wazo lilinikaa. Nikakata kipande cha upana wa vidole vinne, nikatoka nje kwenye theluji, nikakining'iniza kwenye waya alafu nikakiwashia kibiriti cha gesi kwa chini. Sijafika hata kuhesabu nane moto ushagusa waya juu, kitenge kimeisha, majivu yanapepea tu. Yeye alikuwa dirishani anaangalia. Habari ya kitenge hakuirudia tena.

Basi naandika haya kwa yeyote anayejenga ndege yake, awe Marekani kama mimi au popote, maana nimegundua watu wanatumia miaka minne kwenye riveti na injini na waya alafu siti wanazimaliza kwa wikiendi moja na kitambaa cha kwanza walichokiona kina rangi nzuri. Mi najenga RV-9A, ndege ya siti mbili ya kampuni ya Van's inayokuja vipande vipande kwenye makreti, ila ninayoyasema yanafaa kwa ndege yoyote ndogo ya kujijengea.

Kwanza kuhusu sheria, maana hapa wengi wanachanganya. Marekani ndege ya kujitengenezea inaingia kwenye kundi la ndege za majaribio, sharti kubwa ni kwamba zaidi ya nusu ya kazi umeifanya wewe mwenyewe kwa kujifunza au kujifurahisha. Kwenye kitambaa cha siti sheria haikudai kipimo chochote cha moto. Mkaguzi anayekuja kutoa cheti ataangalia mengi lakini kitambaa chako hatakiwasha kiberiti. Unabandika neno EXPERIMENTAL na kile kibao cha kumwonya abiria kwamba ndege hii haikufuata viwango vya ndege za kawaida, basi, umemaliza. Kwahiyo hapo mkaguzi wa moto ni wewe. Ila angalia, kama ndege yako ni ya kiwandani, mfano Cessna 172 ya zamani unataka kuivalisha upya, hii siyo yako, pale kitambaa lazima kilingane na masharti ambayo ndege ilipewa cheti chake na karatasi ziwepo kwenye kitabu cha matengenezo. Na kama uko Kenya au Tanzania nenda kaongee na mamlaka ya usafiri wa anga mapema kabla hujanunua hata mita moja, usitegemee ya Marekani.

Sasa kama sheria haikudai, kwanini ujisumbue? Piga hesabu hii. Uko futi 3,000 juu ya mashamba ya mahindi, waya umepiga shoti nyuma ya dashibodi, moshi umeanza. Ukishuka kwa kasi ya futi 1,500 kwa dakika ni dakika mbili nzima kabla hujafika chini, na hapo bado hujatafuta pa kutua. Dakika mbili ndani ya kiboksi ambacho mabega yako na ya abiria yanagusana. Hakuna kitambaa kitakachozuia shoti isitokee, hiyo ni kazi ya fyuzi na waya mzuri na mabomba ya mafuta yaliyofungwa sawasawa. Kazi ya kitambaa ni mbili tu, kisiongeze moto ambao tayari upo, na kisikuyeyukie mwilini. Ukishika hayo mawili kuchagua kunakuwa rahisi sana, hata muuzaji akikuchanganya na majina.

Ndege kubwa zilijifunza hili kwa watu kufa. Mwaka 1973 Varig 820 ilitua kwenye shamba karibu na Orly, Paris, moto ulianzia chooni nyuma, watu 123 kati ya 134 wakafa na wengi wao ni moshi. Mwaka 1983 Air Canada 797 ilitua salama kabisa Cincinnati, milango ikafunguliwa, hewa ikaingia na ndani ya muda mfupi kabini yote ikalipuka moto, 23 kati ya 46 hawakutoka. Mwaka 1984 Marekani ikaamua siti za ndege za abiria zizuie moto usifike kwenye sponji, mashirika yakapewa mpaka 1987 kubadilisha. Kipimo chake ni cha kutisha, unachukua siti nzima, sponji na kava, unaielekezea kichomeo cha mafuta ya taa dakika 2, alafu unapima, isipoteze zaidi ya asilimia 10 ya uzito na isiungue zaidi ya inchi 17. Sisi wa gereji hatuna haja ya kufika huko, siti itakuwa nzito na ghali bure. Ila kuna kipimo kidogo cha chini yake ambacho ndo nataka ukikariri.

Kinaitwa kipimo cha wima cha sekunde 12, kiko kwenye FAR, yaani sheria za usafiri wa anga za Marekani, kifungu 25.853 na kiambatisho F. Kipande kinaning'inizwa wima, moto unawekwa chini yake sekunde 12, unaondolewa. Kisiungue zaidi ya inchi 8, yaani kama sentimita 20. Moto ujizime wenyewe ndani ya sekunde 15. Na vikidondoka vitone, visiendelee kuwaka chini zaidi ya sekunde 5. Namba tatu tu: 20, 15, 5. Muuzaji akikuambia kitambaa chake ni cha ndege muulize kimefaulu hicho cha wima cha sekunde 12, na akuonyeshe karatasi.

Maana kuna kipimo kingine kinachowadanganya watu, cha magari, FMVSS 302, kipo tangu 1972. Kwenye kipimo hicho kitambaa kinalazwa, moto unawekwa pembeni, na kinafaulu kama moto hautembei zaidi ya milimita 102 kwa dakika. Ni kama inchi 4 hivi, na kwa bahati ndege ndogo za kiwandani nazo kiwango chao cha zamani kilikuwa inchi 4 kwa dakika kwa kulala, kwahiyo utasikia watu wanasema cha gari kinatosha. Sasa chukua njiti ya kiberiti. Iwashe uishike imelala, inaungua taratibu. Igeuze kichwa kiangalie chini, uone kama vidole vitabaki. Moto unapanda, hiyo ndo tabia yake, na mgongo wa siti umesimama wima. Mi nilipima kitambaa cha siti za gari kilichokuwa na karatasi yake safi ya 302, nikakisimamisha wima, kiliungua chote mpaka juu huku kinadondosha vitone vya moto kama mshumaa uliopinduliwa, vimetoboa theluji. Kitambaa hakikudanganya, kilifaulu mtihani wake, ila mtihani wenyewe siyo wetu.

Hali kadhalika ile lebo ya California iliyoko kwenye makochi na sponji nyingi hapa Marekani, TB 117-2013. Hiyo inapima sigara inayofuka, siyo mwali wa moto. Kwa kochi la sebuleni sawa. Kwa ndege ichukulie kama haipo.

Haya, tuje kwenye vitambaa vyenyewe, na hapa ntakaa kidogo.

Sufu ndo chaguo langu na nalisema wazi. Nasema sufu, manyoya ya kondoo, siyo sufi ile ya kwenye mito na magodoro ya bibi, wengi wanachanganya haya maneno na tofauti yake kwenye moto ni kama usiku na mchana, sufi inawaka kama petroli. Sufu inahitaji joto kubwa mpaka ishike, karibu nyuzi 570 mpaka 600 za sentigredi, na hata ikishika haiyeyuki, inavimba inakuwa mkaa mweusi unaovunjika vunjika, na mkaa ule unaziba moto usiingie ndani. Ukitoa moto mara nyingi inajizima. Ndo maana siti za mashirika ya ndege kwa miaka mingi zilikuwa sufu iliyochanganywa na nailoni kidogo ili isichakae, na sufu ile huwa imepitishwa kwenye dawa ya chumvi za zirkoniamu au titaniamu kiwandani, maarufu kama Zirpro. Kingine, inapumua. Kiangazi unakaa chini ya kanopi ya RV, kile kioo kilichobinuka kama povu juu ya kichwa, jua linakupiga kama uko Dodoma saa saba, ngozi na reksini vinakubandika mgongoni, sufu hapana. Kasoro yake ni bei, na nondo wakiipata kwenye hanga wanaitafuna. Na usije ukasema sufu haina sumu, moshi wake nao una sianidi kama moshi wa vitu vingi vyenye naitrojeni, faida ni kwamba inaungua kidogo tu.

Ngozi halisi nayo ni nzuri kwa moto, inakunjamana inakuwa mkaa, haiyeyuki. Ila nunua iliyotiwa dawa kwenye kiwanda cha ngozi kwa ajili ya ndege, maana ngozi ya makochi inapakwa rangi na plastiki juu na ile plastiki ndo inaungua. Uzito sasa. Ngozi ya siti inakaribia kilo moja kwa mita ya mraba, kitambaa cha sufu ni nusu ya hapo au chini yake. Kwa siti mbili zinaenda mita nne tano za kitambaa, fanya hesabu, mtu anahangaika kuchonga gramu 200 kwenye braketi za alumini alafu anaongeza kilo tatu za ngozi ili ndege inukie kama gari jipya. Mi siwaelewi lakini ndege ni yako.

Poliesta na nailoni za kawaida, hapa ndo pa kuogopa. Poliesta inayeyuka karibu nyuzi 255 mpaka 260, nailoni ziko kati ya 220 na 265 kutegemea aina yake. Zina ujanja, ukiweka moto zinakimbia, zinajikunja kuukwepa, kwahiyo kuna poliesta nyingi zinafaulu kipimo cha wima kwasababu tu zimeyeyuka na kuondoka pale moto ulipo. Kwenye karatasi zimefaulu. Kwenye siti zimeacha sponji uchi, na ule uji wa moto umekaa kwenye paja lako. Ipo poliesta ya maana, Trevira CS, ambayo kinga ya moto imo ndani ya uzi wenyewe tangu unatengenezwa kwahiyo haitoki kwa kufua, mahoteli wanaitumia sana kwenye mapazia. Ukikosa hela ya sufu hiyo ni ya kufikiria, lakini pima pamoja na sponji yako, nakuja huko.

Aramidi, Nomex na ndugu zake, ndo zile ovaroli za marubani wa jeshi na madereva wa mbio. Haziyeyuki, zinajizima. Kwa kava la nje sizipendi sana, rangi ni chache na jua linaziharibu, na siti ya RV inapigwa jua kutwa. Sehemu yake nzuri ni katikati, kati ya sponji na kava, kama fulana ya ndani. Kuna feliti nyembamba, vitambaa vya nyuzi zilizogandamizwa bila kufumwa, za aramidi au za ule uzi mweusi wa akriliki iliyochomwa nusu mpaka haiwezi kuungua tena, unafunika sponji yote nayo alafu juu unavalisha kava lako. Ukifanya hivi hata kava likiwa la kawaida kidogo una muda.

Reksini ya PVC, ile ngozi bandia ya mafundi wa Keko, inajizima vizuri tu kumbe, tatizo moshi wake mweusi mzito na una asidi ya haidrokloriki ndani. Kwenye kibanda cha kahawa sawa. Kwenye kabini ya lita chache za hewa, hapana. Pamba tupu, kitenge, kanga, kikoi, dengirizi, ushaona ya kitenge. Akriliki isahau kabisa, na hapo ndo uwe makini na ngozi za kondoo za kuvalisha siti, ya kweli ni sufu na ni nzuri mno majira yote, ya bandia ni akriliki au poliesta na inawaka balaa. Namna ya kuzijua ni kuchomoa unyoya mmoja, uchome. Wa kweli unanuka nywele zilizoungua na unabaki unga mweusi ukisaga kwa vidole. Wa bandia unanuka plastiki na kuacha kidonge kigumu.

Sasa sponji, na hapa ndo kosa la watu wengi lilipo. Kitambaa unanunua mita nne, sponji ni ndoo nzima ya mafuta yaliyogandishwa, maana poliyurethani kimsingi ni hivo. Ikiwaka inatoa kaboni monoksaidi na sianidi na moto wake unakua haraka kuliko unavoweza kufungua mkanda. Usitumie sponji ya magodoro. Wengi tunaojenga RV tunatumia Confor, ile sponji inayokumbuka umbo, asili yake ni kazi iliyofanywa kwa ajili ya NASA miaka ya sitini. Inakuja kwa rangi kulingana na ugumu, ya njano laini, ya pinki inayofuata, bluu ngumu, kijani ngumu zaidi. Unapanga ngumu chini laini juu, ukianguka vibaya inapunguza kishindo kwenye uti wa mgongo. Omba karatasi yake ya moto kama ulivyoomba ya kitambaa. Tahadhari moja ya watu wa baridi kama sisi wa Minnesota, sponji hii ikiwa nyuzi chini ya sifuri inakuwa jiwe, unakaa juu ya tofali dakika kumi mpaka makalio yaipashe. Usije ukaitupa ukidhani umeuziwa mbovu, mi nusura.

Uzi, gundi, velkro, zipu. Watu wanachukua kitambaa cha ndege wanakishona na uzi wa nailoni, mshono unayeyuka kava linafunguka kama ganda la ndizi na sponji iko nje. Uzi wa Nomex upo, unashonwa na cherehani ya kawaida ya makochi, bei yake siyo ya kukulaza njaa kwa siti mbili. Gundi ya kupuliza weka kidogo sana, mistari tu, siyo kuipaka kama rangi, na iache ikauke siku nzima maana ile hewa yake yenyewe inawaka. Velkro ipo ya kuzuia moto, inauzwa kwa jina hilo hilo kwenye maduka ya vifaa vya ndege. Zipu ya chuma.

Kuhusu karatasi. Cheti kizuri kina jina la kitambaa, namba ya loti, tarehe, aina ya kipimo, na matokeo kwa mtande (nyuzi za urefu) na kwa mshindio (nyuzi za upana) maana kitambaa kinaweza kukataa moto upande mmoja na kuukubali upande wa pili. Linganisha namba ya loti na ile iliyo kwenye robota ulilokatiwa. Mi niliwahi kuuziwa mtandaoni kitambaa cha kijivu kizuri sana, cheti kikaja kwa imeili, nimekifurahia, kuja kuangalia loti siyo yake na rangi iliyoandikwa ni nyekundu ya divai. Kuuliza, jamaa ananiambia ni kitambaa kile kile bana. Rangi tofauti ni dawa tofauti na loti tofauti ni siku tofauti kiwandani. Nilikipima mwenyewe na kikafeli. Hela haikurudi.

Ndo maana mwisho wa yote unachoma mwenyewe. Fanya nje, siyo gereji ambako kuna tangi la petroli, siku isiyo na upepo, ndoo ya maji na mtungi wa kuzimia moto viwe mkononi, na vaa pamba. Kata vipande vya sentimita 30 kwa 7.5, vitatu kwa mtande na vitatu kwa mshindio, vilaze ndani ya nyumba usiku kucha visiwe na unyevu wa nje. Tengeneza fremu ya waya au bati, bana kipande pande zote mbili kisijikunje. Moto uwe na urefu kama sentimita 4, maabara wanatumia kichomeo cha Bunsen chenye mwali wa inchi moja na nusu na joto lisilopungua nyuzi 843, wewe kichomeo kidogo cha gesi kilichopunguzwa kinakaribia. Ncha ya chini ya kitambaa iwe sentimita 2 juu ya mdomo wa kichomeo. Weka sekunde 12 kwa saa ya simu, mtu mwingine akuhesabie, ondoa. Angalia moto unaendelea sekunde ngapi, vitone vinawaka chini muda gani, alafu pima urefu ulioungua, masizi tu usiyahesabu, hesabu palipoungua au kuharibika. Siyo maabara, lakini kibovu kinajionyesha mapema sana huhitaji digrii.

Alafu rudia na kitu ambacho karibu hakuna anayekifanya, shona kimto kidogo cha siti yako kamili, sponji, feliti, gundi, velkro, kava, uzi, vyote vile vile, ukichome nacho. Kuna vitambaa vinafaulu peke yake na vikiwekwa juu ya sponji vinafeli, kwasababu sponji inazuia joto lisitoke nyuma. Mi vimto vinne nilichoma, cha kwanza poliesta juu ya sponji ya kawaida, kilinifanya nikimbie na ndoo. Cha nne sufu juu ya feliti juu ya Confor, kilibaki na tundu jeusi la upana wa shilingi mia na sponji chini imebadilika rangi tu. Hicho ndo nimeshona.

Kuna wanaouliza dawa za kupuliza, unanunua chupa unapulizia kitambaa chochote basi kimekuwa cha ndege. Zinafanya kazi kwenye vitambaa vinavyonywa maji kama pamba, kwenye poliesta zinateleza tu. Nyingi ni chumvi, ukimwagia maji au ukifua zimeondoka, mvua ikiingia siku moja umefungua kanopi zimeondoka. Na lingine halisemwi sana, hizo chumvi zikishuka kwenye sakafu ya alumini na unyevunyevu zinaila, unaweza ukawa unazuia moto huku unatengeneza kutu nyeupe chini ya siti ambako huoni. Kwa kitenge ningeweza kutumia, kwa kipambo cha ukubwa wa kiganja mgongoni mwa siti kwa nyuma. Mwisho tuliacha.

Siti za kupasha joto, najua huku baridi tunazipenda. Ule mkeka wa waya weka juu ya feliti siyo ndani ya sponji, kila siti na fyuzi yake ndogo, na waya zake zisipite pale sponji inapokunjwa. Na usiwe na mazoea ya kuchomeka simu au betri ya akiba kati ya mito ya siti, betri ya lithiamu ikibanwa ikaumia inatengeneza moto ambao hakuna kitambaa cha gereji kitakachouvumilia.

Na mavazi jamani. Umetumia pesa yote hiyo kwenye siti alafu unapanda na jezi ya Simba ya poliesta na trakisuti ya nailoni. Wa Yanga vilevile, msicheke. Vaa pamba au sufu, mikono mirefu, viatu vya ngozi.

Usafi, kava la sufu lisafishwe kwa namna ile karatasi yake inavosema, nyingi ni draikilini, na soma kama dawa yake inavumilia maji. Mafuta ya ndege yakimwagika kwenye siti usipige deki ukaona basi, vua kava, toa nje, maana kilicholowa mafuta hakina tena cheti.

Mwisho, vipande vilivyobaki usitupe. Weka kwenye bahasha moja na vyeti, namba ya loti, jina la uzi na gundi, na picha za ulivyochoma, alafu andika kwenye kitabu cha ndege ukurasa wa siti. Na unaposhona, chini ya kila mto ambapo hapaonekani, acha ulimi wa sentimita 30 uliokunjwa, kitambaa kile kile, kipigwe jua na jasho sawa na siti yenyewe. Kila baada ya miaka miwili unakata kipande pale unakwenda nje nacho na kichomeo. Wangu wa kwanza naukata Julai ijayo kabla ya safari ya Oshkosh, na mke wangu ameshasema safari hii ndo anashika saa yeye.